Ukuta uliopumua ukumbini

Kazi yangu ni kupiga video za kupamba. Asiyeijua Mombasa nimweleze: kupamba ni usiku wa harusi wa wanawake peke yao; mlango wa ukumbi hufungwa, buibui huvuliwa, na biharusi huingia na dhahabu zake na vikuba vyake vya asumini akakaa jukwaani atazamwe. Wanaume hawaingii. Mwenye kushika kamera lazima awe mwanamke, na picha zenyewe hazitoki nje ya familia. Siwezi kumpelekea kijana wa studio aniharirie. Nazihariri mwenyewe, usiku, kwetu Kibokoni, kwenye laptopu yenye memori ya gigabaiti 8. Nalitanguliza hili kwa sababu uamuzi wangu mwingi juu ya kamera unaanzia hapo.

Kamera yangu ya kwanza ya maana aliniletea binamu yangu kutoka Marekani. Nikaiwasha, nikaona 4K, ule ukubwa mkubwa wa picha, nikaona fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde, nikaridhika. Nilidhani namba kubwa ndiyo picha nzuri. Wiki hiyohiyo nikaenda nayo kwenye kupamba, ukumbi wenye taa za tyubu dari nzima. Kwenye kioo kidogo cha kamera sikuona kasoro. Tulipokaa na familia kuitazama kwenye TV, nyanya yake biharusi akasogea mbele, akaniuliza:

“Mwanangu, mbona ukuta wapumua?”

Kweli ulikuwa ukipumua. Mistari ya kiza ilipanda polepole nyuma ya jukwaa, ikapita hadi kwenye uso wa biharusi, ikaanza tena chini. Saa mbili na nusu nzima. Niliwaomba radhi, nikawarudishia nusu ya pesa, lakini kupamba hakurudiwi.

Ilinichukua muda kuelewa. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kila sekunde, na taa ya tyubu inayowaka kwa umeme huo hung’aa na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Marekani umeme wao ni wa hezi 60, na ndiyo sababu kamera niliyoletewa ilikuwa imewekwa 30 na 60: hesabu hizo zinalingana na taa za kwao. Hapa kwetu, fremu moja inakuta taa imepanda, inayofuata inakuta imeshuka kidogo, na tofauti hiyo ndiyo ile mistari. Ukipiga kwa fremu 25, kila fremu inachukua muda wa mapigo manne kamili ya taa. Ukiweka shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, kila fremu inapata mapigo mawili kamili, na mwanga unatoka sawa mwanzo hadi mwisho.

Kwa hivyo, dada yangu uliyenunua kamera juzi, usianze na 4K. Ingia kwenye menyu, tafuta palipoandikwa NTSC, ubadilishe iwe PAL; ni majina ya mifumo ya enzi za televisheni za zamani. Namba 30 na 60 zitaondoka, zitakuja 25 na 50. Kamera yangu ilinitaka nifomati kadi kwanza, kwa hivyo hamisha video zako kabla hujagusa. Na kama kamera yako haina ila 30, usiitupe. Weka shata 1/50 kwa mkono na taa za tyubu zitatulia. Shata ndiyo inayookoa zaidi.

Kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, ni habari nyingine. Kinachezwa nje, mchana, nami hupiga kutoka dirisha la juu. Jua halina mapigo, basi hapo naangalia fimbo tu. Kwa fremu 25 fimbo inayoruka inakuwa kama ukungu mweupe. Kwa 50, na shata 1/100, unaiona inavyopangwa na kugongwa, na ukitaka kuupunguza mwendo wakati wa kuhariri unaurefusha mara mbili bila picha kurukaruka. Nikipiga kwa 100 narefusha mara nne, lakini situmii sana. Wazee wenyewe wananiambia kirumbizi kikichelewa sana kinapoteza ngoma.

Sasa ukubwa wa picha. 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, na 1080 ni 1920 kwa 1080. Kwa hesabu, moja ni mara nne ya mwenziwe. Kamera yangu ikipiga 4K inaandika megabiti 100 kila sekunde, sawa na gigabaiti 45 kwa saa. Biharusi anayeambiwa ataingia saa tatu usiku huingia saa tano. Nishawahi kuona kadi ya gigabaiti 64 ikijaa kwa wageni wanaosalimiana, na hapo vigelegele vya kumpokea vinaanza mlangoni. Tena kwa joto letu la Machi, 4K ya mfululizo huichemsha kamera mpaka ikajizima.

Halafu nauliza nani atatazama. Mara nyingi ni mama mtu, kwenye TV ya sebuleni, kwa flashi, na khaloo aliyeko Muscat, kwenye simu. Kwao 1080 iliyopigwa kwa mwanga mzuri inatosha na kuzidi, na laptopu yangu inaihariri bila kukwama. 4K naiwasha dakika chache tu: kuingia kwa biharusi na kukaa kwake jukwaani. Wakati huo wanawake husimama wote na siwezi kusogea, basi napiga pana, kisha nyumbani nakata picha nikamsogeza karibu, mikono yake yenye hina ikajaa kioo, na bado 1080 yangu iko kamili. Kwa kazi hiyo naipenda sana.

Jumamosi nina kupamba Tudor. Nimemwomba mlinzi wa ukumbi anifungulie alasiri, aniwashie taa zote, kisha azime umeme na kuwasha jenereta kwa dakika tano. Jenereta ikichoka hezi zake hazishiki 50 sawasawa. Nitarekodi ukuta mtupu kwa kila taa, na nitautazama kwenye TV kabla ya Magharibi.