Simu iliyo kabatini

Simu aliyoleta kaka yangu kutoka Muscat inaingia wiki ya tatu kabatini, chini ya khanga. Si mpya, kioo kina ufa pembeni, lakini ni tachi, na kwa binti yangu wa darasa la tatu hilo linatosha. "Ya mpwa wangu hii," kaka alisema, akamkabidhi mbele ya wageni bila kuniuliza. Nilingoja aondoke ndipo nikaichukua. Mtoto alilia mpaka akashikwa na kwikwi.

Tangu siku hiyo kila mtu ana neno. Dada yangu ananiambia namlea mwanangu ushamba. Jirani ananipongeza kana kwamba nimemwokoa mtoto kisimani. Nami, nisiwe mnafiki, zile pongezi zilininogea. Mtoto wa miaka tisa, simu ya nini? Hata WhatsApp yenyewe inataka mtu awe ametimiza miaka 13 ndipo afungue akaunti yake mwenyewe.

Ila Alhamisi nilikuwa nasonga ugali. Mwiko mkononi, sufuria inataka kuteleza jikoni, na yeye ananizunguka: mama hiki, mama kile. Nikafanya ninachofanya karibu kila jioni: "Chukua simu yangu hapo mezani, kaangalie katuni."

Bando lilikuwa limekaribia kuisha, katuni inazunguka tu haifunguki. Akaingia WhatsApp. Kusoma bado anasoma kwa kusitasita, lakini ujumbe wa sauti hauhitaji kusoma. Akabonyeza. Sauti ya mwenye nyumba ikajaa sebuleni hadi jikoni: "Dada, hii kodi imepitiliza. Kama miezi sita huna, sema mapema, nina mtu anakitaka chumba."

Niliacha mwiko ndani ya sufuria. Nilipofika, alikuwa ameshaiweka simu kifudifudi mezani, mikono mapajani kama mtu aliyevunja kikombe.

"Mama, tunahama?"

Ugali uliungua. Tuliukwangua, tukala ule wa juu.

Nimelala na swali lile siku nne sasa. Sisi wazazi tunabishana kama mtoto awe na simu yake au asiwe nayo, wakati wanetu wengi simu wanayo tayari: ni ya mama. Na ya mama ndiyo yenye kila kitu. Kodi imo humo, vikoba vimo, ugomvi wa shemeji umo, picha za ajali ambazo mtu asiye na haya amezitupa kwenye grupu la familia saa mbili asubuhi zimo. Namba ya siri ya M-Pesa haimo, lakini mtoto anayekaa ubavuni mwangu nikitoa hela ameshaijua, naapa.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilisema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku. Wangu ameshavuka umri huo. Australia nao, Desemba 2025, wamezuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Sawa, lakini binti yangu hana akaunti. YouTube inajua kwamba mimi, mama mtu mzima, ndiye ninayepagawa na video za watoto wanaofungua mayai ya plastiki. Na hata nikimpa ile ya kabatini, laini itasajiliwa kwa kidole changu na kitambulisho changu cha NIDA. Atakachofanya humo, kwenye makaratasi nimefanya mimi.

Kwa hiyo nimeanza kuona, kwa shingo upande, kwamba simu ya kaka isiyo na laini, yenye katuni chache nilizompakulia mwenyewe, ingemdhuru kidogo kuliko hii yangu niliyokuwa nampa huku nikijisifu kuwa simpi simu. Bado sijaitoa. Naogopa nikimpa Jumamosi moja, itageuka kila siku, najijua nikichoka.

Jana nimeweka WhatsApp ifunguke kwa kidole changu tu. Alikuwa ananitazama, hakuuliza kitu. Usiku namchomekea chandarua, akasema taratibu, "Mama, yule baba mwenye nyumba ameshajibu?"

Nikamwambia amekubali miezi mitatu.

"Halafu?"

"Halafu tutaona. Lala."

Akageukia ukutani. Nilikaa pale kitandani mpaka nikasikia pumzi zake zimetulia.