Kabla ya kuchomeka mkoko, pima maji

Siku ya kupanda mikoko huwa na shamrashamra: watoto wa skuli, akina mama, wazee, suruali zimekunjwa magotini. Rudi baada ya mwaka, mara nyingi utakuta vijiti vikavu, na lawama zote zinaangukia mbegu. Mbegu masikini mara nyingi hazina kosa. Zilichomekwa mahali ambapo mkoko hauishi.

Kosa huanzia kwenye saa. Huku kwetu Unguja, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kutoka kwa wingi, hukauka kiasi cha saa nne, saa tano asubuhi, saa ile ile wanayoteremka watu wa pweza. Bahari inakwenda mbali, unabaki uwanda mtupu, na mgeni wa pwani huuona kama kiwanja kisicho na mwenyewe. Lakini bamvua la hapa hupanda na kushuka karibu mita 4. Jioni pale pamezama kabisa. Na kama pana majani ya bahari, wenyewe wapo: ni malisho ya samaki tasi.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua vijiti viwili vikavu, uvipake chaki ya skuli kutoka juu hadi chini. Maji yakiwa yametoka, choma kimoja chini ya mkoko mkubwa wenye afya, kingine pale unapotaka kupanda, vyote katika ghuba moja. Chagua siku ya shwari, maana wimbi linafuta chaki juu kuliko maji yalipofika. Maji yakishajaa na kutoka, pima kutoka kwenye tope hadi chaki inapoanza. Ikiwa kijiti chako kimezama zaidi ya kile cha mkoko kwa shubiri nzima, sogea juu, upande wa nchi kavu.

Mikoko ni ya aina nyingi, na kila mti na daraja yake. Mlilana hutangulia kukabili bahari, mkoko wenyewe, ule unaobeba jina, hufuata kwenye tope laini, kisha mkandaa kwenye tope gumu zaidi. Mchu hauna makuu, utaukuta mbele na nyuma. Anayetaka kuiona miti hii kwa macho apite njia ya mbao ya kijijini Pete, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyopewa hadhi hiyo 2004.

Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti. Iliyokomaa ina pete ya rangi ya manjano baina ya kofia, yaani tunda lililoishika kwa juu, na mbegu, na ukiigusa kofia inaachia yenyewe. Ikigoma, iache. Ukiing'oa kwa nguvu unavunja kichomozi cha majani kilichojificha ndani, na mbegu hiyo imekwisha. Tupa zenye vitundu vya wadudu. Zilizobaki zifunike kwa gunia bichi kivulini, zipandwe ndani ya siku chache.

Kupanda kwenyewe ni kazi ndogo. Ncha iliyochongoka iende chini, theluthi moja ndani ya tope: mbegu ya sentimita 60 iingie 20. Isukume kwa mkono, usigonge. Kutoka mche hadi mche mita 1. Fanya hivyo bamvua linapomalizika, maji yakielekea kuwa mafu, yaani hayajai wala kutoka sana, ili mche upate siku kadhaa za kutulia.

Miezi mitatu ya mwanzo ondoa mwani na vipande vya nyavu vinavyoulaza mche. Kaa hutafuna shina changa. Mbuzi na ng'ombe hupenda majani ya mchu. Ukiona viganda vyeupe vikali, kama vile vinavyoganda chini ya ngalawa, usivikwangue: utatoka navyo pamoja na gome. Vikizidi, mara nyingi ni dalili kwamba mche unakaa majini muda mrefu mno, na kijiti cha chaki kingekwambia mapema.

Tena si kila pahala panahitaji kupandwa. Penye tuta la bwawa la chumvi lililoachwa, au barabara iliyoziba hori, yaani mkono wa bahari, fungua maji kwanza. Ikiwa mikoko mizima ipo jirani, mbegu huletwa na maji zenyewe.

Kwa wakataji, jambo moja. Mchu ukikatwa, kisiki huchipua. Mkoko mkubwa ukikatwa shina, kisiki kinaoza pale pale.