Tulivyopata pesa za kuwafikishia watu wa Likoni msaada wa kisheria

Kikundi chetu kina wasaidizi wa kisheria, yaani watu waliofunzwa lakini si mawakili, wa Likoni, ng'ambo ya feri kutoka mjini Mombasa. Wengi wao ni kina mama. Tulipoanza, mafunzo tulikuwa nayo, na wenye shida walijaa kila mtaa kuanzia Mtongwe hadi Shika Adabu: wajane waliofukuzwa nyumbani na mashemeji, wafanyakazi wa nyumbani waliodhulumiwa mishahara, mafundi waliomaliza kazi wakazungushwa kulipwa. Pesa ndizo hatukuwa nazo.

Haki yenyewe imeandikwa. Kifungu cha 48 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema kila mtu afikie haki, na kama kuna ada basi iwe ya kadiri, isimzuie mtu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikaunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na hazina yake, tena ikamtambua msaidizi wa kisheria anayefanya kazi chini ya wakili au shirika lililoidhinishwa. Lakini mtu wa Mtongwe hiyo haki ataijuaje, na akishaijua ataifuataje mpaka mjini?

Nilikaa na mweka hazina wetu tukaandika gharama moja moja. Wengi walidhani pesa nyingi zitakwenda kwenye mkutano wa kuwaeleza watu haki zao: hema, viti vya kukodi, spika, fulana, bango. Hivyo karibu vyote tuliviondoa. Likoni haikosi baraza. Wazee wapo kwenye kahawa kila jioni, kina mama wa vyama wanakutana kuhesabu michango yao, wavuvi wapo pwani wakishona nyavu. Tukawafuata huko huko. Imamu mmoja alitupa nafasi baada ya Alasiri, kanisa moja likatupa ukumbi wake bure siku za kazi, na chifu akawa anatupa dakika chache kwenye baraza lake.

Gharama yenyewe inaanza kesho yake asubuhi, na hapa ndipo nataka mwenye kikundi kama chetu atulie asome.

Bibi mmoja alitujia na bahasha ya kaki iliyochakaa pembe zote. Ndani mlikuwa na kibali cha mazishi cha mumewe, nakala ya kitambulisho cha marehemu iliyofifia, na risiti za mabati waliyonunua pamoja. Cheti cha kifo hakuwa nacho. Bila cheti, mambo ya mirathi hayaendi. Kisha yuataka barua ya chifu inayotaja warithi, ndipo aende Mahakama ya Kadhi. Feri kwa mwenye miguu ni bure, lakini kutoka kwake mpaka kivukoni ni matatu, na ng'ambo ya pili ni tuktuk, maana magoti yake hayapandi ule mlima. Akasikiliza yote, kisha akauliza, "Mwanangu, niambie kweli, yote haya yatanila shilingi ngapi?" Tulipomhesabia akakunja bahasha yake. Ile ilikuwa pesa ya unga na mafuta ya viazi karai anavyouza, na siku anayokwenda mjini hauzi.

Kwa watu kama yeye, mkutano peke yake ni kumwonyesha mtu chakula kilicho ndani ya kabati lililofungwa. Kwa hiyo bajeti yetu tuliipindua: zaidi ya nusu ikawa ya ufuatiliaji, yaani nauli, fotokopi, ada za vyeti, na posho ndogo ya msaidizi anayemsindikiza mtu.

Mfadhili wa kwanza hakuitaka. Alitaka kujua tutafikia watu wangapi na picha zitakuwa ngapi. Nilimweleza kwamba mke aliyepigwa na mumewe hapigwi picha akipewa ushauri, na hapo nisingeweza kulegeza. Tukaachana kwa heshima.

Wa pili nilimwandikia kwa namna nyingine. Sikuandika kwamba tutahamasisha jamii. Nilieleza safari ya faili moja, bila jina la mtu, kutoka barazani mpaka kwa Kadhi, kila hatua na bei yake. Akauliza swali zuri sana: nyinyi wenyewe mmeweka nini? Tulikuwa tayari. Kila mwanachama hutoa shilingi 50 kwa wiki, na daftari linaonyesha. Kwenye daftari hilo hilo tulikuwa tumeandika pia ukumbi wa kanisa, saa za wakili aliyejitolea, na punguzo la mwenye duka la fotokopi. Vitu hivyo ni mchango, na mfadhili anastahili kuviona. Cheti cha usajili wa kikundi na akaunti ya benki yenye watia saini watatu tulikuwa navyo tayari. Bila hivyo asingetusikiliza hata kidogo, wala asingetupa pesa.

Kujua mlango wa kubisha nako kunaokoa pesa nyingi. Mama aliyeuzia mkahawa samaki kwa mkopo asilipwe, tunampeleka Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Hahitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mfanyakazi wa nyumbani aliyenyimwa mshahara tunaanza naye kwa afisa wa leba. Ukimpeleka mtu mlango usio wake, nauli imekwenda na moyo umevunjika.

Pesa za nauli hatumpi mtu mkononi. Msaidizi huenda naye, analipa, anarudi na maandishi ya siku ile. Na hatupokei chochote kwa tunayemsaidia, hata kuku wa shukrani, kwa sababu jirani yake akisikia habari ya kuku atadhani ndiyo bei.

Yule bibi cheti alikipata, na barua ya chifu pia, na kesi yake ya mirathi iko mahakamani.

Pengo lililobaki ni mkalimani wa lugha ya ishara. Viziwi wanakuja na jamaa wa kuwatafsiria, na mara nyingine jamaa huyo ndiye anayelalamikiwa. Ombi letu lijalo linaanza na malipo ya mkalimani, kabla ya nauli.