Ukinunua nyumba Texas, uliza kodi ya shule kabla ya bei

Watu wetu wengi wanahamia Texas kufuata mambo mawili: nyumba kubwa kwa bei inayofikika, na mshahara usiokatwa kodi ya mapato ya jimbo. Hayo ni kweli, ila pesa ambayo jimbo halichukui kwenye mshahara huchukuliwa kwenye nyumba. Aliyezoea kodi ya jengo inayokatwa kidogo kidogo kwenye umeme wa LUKU atashtuka akiona bili ya dola 7,000 kwa mwaka, na mara nyingi mdai mkubwa kuliko wote kwenye bili hiyo ni wilaya ya shule, ISD.

Kodi hupigwa kwa kila dola 100 za thamani ya nyumba ilivyokuwa tarehe 1 Januari. Kaunti, mji na ISD kila mmoja ana kiwango chake. Kwenye mitaa mipya kuna pia MUD, chombo kilichokopa kujenga mabomba ya maji na maji taka, na deni lake sasa mnalilipa nyinyi wakazi. Muuzaji atakutajia jiko na bustani. Kiwango cha MUD mpaka umuulize.

Kinga ya kwanza ni homestead, punguzo la nyumba unayoishi mwenyewe. Kura ya Novemba 2025 ilipandisha punguzo la upande wa shule kutoka dola 100,000 hadi 140,000. Chukua nyumba ya dola 350,000 na kiwango cha shule cha dola 1.10: bila homestead unalipa 3,850, ukiwa nayo 2,310. Unajaza fomu namba 50-114 na kuipeleka ofisi ya uthamini ya kaunti, bure, pamoja na nakala ya leseni au kitambulisho cha Texas. Wengi hukwama hapo, kwa sababu leseni bado ina anwani ya apatimenti waliyohama. Lazima anwani ilingane na nyumba. Uraia si sharti. Barua zinazodai ada ili "kukusajilia" zitupe. Mwaka unaofuata homestead inaleta faida nyingine: thamani inayotozwa kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, labda uwe umeongeza chumba.

Kinachoumiza zaidi ni nyumba mpya kabisa. Tuseme tarehe 1 Januari palikuwa na kiwanja kitupu cha dola 60,000, na viwango vyote vikijumlishwa ni 2.60. Bili ya mwaka huo ni dola 1,560, kwa hiyo benki inakukata 130 kwa mwezi kwenye eskro, akaunti inayowekewa pesa ya kodi. Mwaka wa pili nyumba inathaminiwa ikiwa imesimama, tuseme kwa dola 350,000 kama ile ya juu, na kiwango cha shule kilekile. Hata ukiwa na homestead ya shule, bili inafika 7,560, yaani 630 kwa mwezi. Eskro imepungukiwa 6,000, na benki huligawa pengo hilo kwa miezi 12: dola 500 nyingine. Malipo ya mwezi yamepanda kwa dola 1,000 bila riba kuguswa. Dawa ni kukokotoa kodi ya nyumba iliyokamilika kabla ya kusaini, na kuweka tofauti pembeni kila mwezi tangu mwanzo.

Notisi ya thamani huja karibu na Aprili. Mwisho wa kupinga ni 15 Mei, au siku 30 tangu notisi itumwe, ipi iliyo mbali zaidi. Usiende kulalamika kwamba kodi ni kubwa. Jopo linalosikiliza pingamizi haliamui kodi, linaamua thamani. Peleka bei za nyumba zinazofanana na yako zilizouzwa karibu na 1 Januari, picha za ufa kwenye msingi na makadirio ya fundi. Omba pia ushahidi wa ofisi kabla ya kusikilizwa. Mara nyingine kosa limo humo, kama futi za mraba zilizozidishwa.

Kuhusu shule zenyewe, usiamini jina la mji. Nyumba yenye anwani ya Katy inaweza kuwa ndani ya Cypress-Fairbanks ISD. Thibitisha kwenye ramani ya wilaya, na ujue mipaka ya shule moja moja hubadilishwa mitaa inapojaa. Thamani ya nyumba kupanda nayo haina maana darasa la mtoto wako litapata pesa zaidi: makusanyo ya wilaya yakikua, mchango wa jimbo hupungua, na wilaya tajiri hulipa sehemu ya makusanyo yake kwa jimbo. Kinachohesabiwa ni mahudhurio. Mtoto akipelekwa Nairobi wiki tatu katikati ya muhula, shule inapoteza fungu lake la siku hizo.

Majengo ya shule hulipiwa kwa bondi, yaani mikopo ya wilaya inayopigiwa kura. Tangu 2019 karatasi ya kura lazima iandike kwamba hilo ni ongezeko la kodi ya nyumba, hata wilaya inapoahidi kutopandisha kiwango, hivyo soma makadirio ya wilaya pia. Wanaopiga kura ni raia tu. Mwenye green card anapokwenda kubadili anwani ya leseni ili apate homestead, anaweza kuulizwa kama anataka kujiandikisha kupiga kura. Ajibu hapana, kujiandikisha kimakosa kunaweza kumharibia ombi la uraia.