Toleo lisilopatana na la zamani lipewe jina lake

Nasimamia seva kadhaa za Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux, hapa Arusha, na karibu zote zina PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data: rekodi za wagonjwa wa zahanati, mauzo ya duka la pembejeo, ada za wanafunzi. Katika vifurushi vyote ninavyovishughulikia, yaani programu zilizofungashwa tayari kusimikwa, hiki ndicho ambacho kupandisha toleo lake hakuninyimi usingizi, na sifa ziwaendee waliokipanga ndani ya ghala la Debian, mahali seva zinapovuta vifurushi.

Kila toleo kubwa la PostgreSQL lina namna yake ya kuweka data kwenye diski. Toleo la 15 likikuta folda iliyoandikwa na la 13 linakataa kuwaka. Sasa chukulia kifurushi kingeitwa postgresql tu, halafu ghala libadilishe kilichomo ndani: asubuhi zahanati isingeweza kufungua faili la mgonjwa hata mmoja. Debian wameweka namba kwenye jina lenyewe. Postgresql-13 ni kifurushi kimoja, postgresql-15 ni kingine, kila kimoja na folda yake chini ya /var/lib/postgresql.

Nilipoihamisha seva ya zahanati kutoka Debian 11 kwenda 12, niliandika pg_lsclusters, amri ya kuorodhesha matoleo ya PostgreSQL yaliyopo, nikapata mistari miwili: 13 iko kwenye poti 5432, mlango ambao programu za zahanati hupitia, kama siku zote, 15 iko 5433, tupu. Wagonjwa waliendelea kuandikishwa. Jioni, dirisha la mapokezi lilipofungwa, nikaifuta ile 15 tupu na kuendesha pg_upgradecluster 13 main. Amri hiyo inanakili data zote, inalipatia toleo jipya poti 5432, na la zamani inalizima na kulisogeza kando, data zake zikiwa vilevile hadi mwenyewe uamue kulifuta. Kukitokea kasoro, pa kurudi papo.

PyPI, ghala la vifurushi vya lugha ya Python, haina utaratibu huo. Jina ni lilelile, namba tu ndiyo inayopanda. Flask 2.2.2, kifurushi cha kutengenezea programu za wavuti, ilitaka kifurushi kingine, Werkzeug 2.2.2 au zaidi, bila kuweka kikomo cha juu. Tarehe 30 Septemba 2023 ikatoka Werkzeug 3.0, na url_quote, kipande ambacho Flask hiyo ilikitegemea, hakimo tena. Programu ambayo hakuna aliyegusa hata herufi yake, ukiisimika upya kwenye seva nyingine, ikagoma kuwaka. Siwalaumu Werkzeug: walitoa onyo tangu toleo la 2.3. Lakini onyo hilo linaishia kwenye logi, na logi za mfumo unaokwenda vizuri hazina msomaji. Kwa hiyo wenzangu mnaotumia pip, amri ya kusimika vifurushi vya PyPI, andikeni namba kamili ya kila kifurushi, pamoja na vile vinavyoburutwa na vingine. Werkzeug ilikuwa mojawapo ya hivyo. Wengi hawakuwahi kuiandika popote.

Kuna mahali jina jipya halitoshi. Red Hat Enterprise Linux, mfumo endeshi mwingine wa Linux, kila toleo lake kubwa linaishi miaka kumi, wakati watengenezaji wengi wa programu huacha kurekebisha toleo mapema zaidi. Dosari ya usalama ikigundulika, ufanyeje? EPEL, ghala la nyongeza la mfumo huo, wana kanuni ninayoiheshimu sana. Kwanza jaribu kuingiza rekebisho kwenye toleo la zamani. Ikishindikana, msimamizi wa kifurushi analeta hoja ya kuingiza toleo jipya lisilopatana na la zamani, inajadiliwa wiki isiyopungua moja, kamati inaamua, watumiaji wanatangaziwa, na kifurushi kinakaa kwenye majaribio angalau wiki nyingine. Wengi wa watu hawa wanajitolea, na bado wanakubali kungoja muda wote huo kwa ajili ya seva wasizozijua.

Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ina postgresql-17. La 15 litaendelea kupata marekebisho hadi Novemba 2027, kwa hiyo naanza na seva ya ada shule zikifunga, halafu zahanati. Duka la pembejeo siligusi mpaka msimu wa kupanda upite.