Nyama za Pua na Moyo wa Mtoto

Mzazi anapoambiwa kwamba mtoto wake ana nyama za pua, swali linalomjia haraka ni kama zitaisha zenyewe. Mara nyingi jibu ni ndiyo. Tezi hizo, zilizo nyuma kabisa ya pua juu ya kaakaa laini, huwa kubwa zaidi kati ya umri wa miaka 2 na 7, kisha husinyaa taratibu kuelekea ujana. Anayekushauri usubiri hasemi uongo, ila anasahau kwamba mtoto ambaye njia yake ya hewa imezibwa sana hukosa hewa ya kutosha usiku hata usiku katika miaka hiyo yote ya kusubiri, na mzigo huo hubebwa na moyo na mapafu.

Binti yangu alianza kukoroma kabla hajatimiza miaka 3, na nyumbani tulichukulia kwamba ana usingizi mzito. Nilipokaa kando ya kitanda chake taa ikiwa inawaka, niliona yale ambayo sauti peke yake haikunieleza: kichwa amekitupa nyuma, mdomo uko wazi, na kila anapovuta pumzi ngozi iliyo chini ya mbavu inabonyea ndani. Ghafla mkoromo ukakatika. Kifua kiliendelea kuhangaika lakini hewa haikupita, mpaka alipogutuka, akavuta pumzi kwa nguvu, akageukia upande wa pili na kuendelea kulala, nguo zikiwa zimelowa jasho.

Pumzi ikikatika namna hiyo, oksijeni hupungua katika damu na kaboni dayoksaidi huongezeka. Mishipa ya damu ya mapafu ina tabia yake ya pekee: ile ya sehemu nyingine za mwili hutanuka inapokosa oksijeni, lakini hii ya mapafu hujibana. Kwa kawaida tabia hiyo ina faida, kwa kuwa huielekeza damu kwenye sehemu za pafu zenye hewa; lakini mapafu yote yanapokosa hewa kwa pamoja, mishipa yote hujibana na shinikizo la damu ndani yake hupanda. Upande wa kulia wa moyo, ambao ndio unaosukuma damu kwenda mapafuni na ambao kuta zake ni nyembamba kuliko za upande wa kushoto, hulazimika kufanya kazi kupita uwezo wake, na hali hiyo ikiendelea kwa muda mrefu huweza kutanuka na hatimaye kushindwa kazi.

Mwaka 1965, Jacqueline Noonan, daktari wa moyo wa watoto nchini Marekani, aliandika kuhusu watoto ambao moyo wao ulielemewa kwa sababu ya tonsili na nyama za pua zilizokua mno, kisha ukapata nafuu baada ya kizuizi hicho kuondolewa. Si mara nyingi tatizo la moyo likatibiwa na daktari wa masikio, pua na koo.

Watoto wengi wenye nyama za pua hawafikii hatua hiyo. Baadhi yao husaidiwa na dawa ya kupuliza puani, na si kila anayekoroma anahitaji kupimwa moyo. Ila mtoto ambaye pumzi hukatika mara kwa mara, asiyeongezeka uzito, anayechoka upesi au ambaye midomo yake hubadilika rangi usiku, mzazi aulizie kipimo cha ultrasaundi ya moyo. Watoto wenye Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayotokana na kromosomu ya ziada, waangaliwe kwa makini zaidi, kwa sababu njia zao za hewa ni nyembamba na wengi wao huzaliwa na kasoro za moyo.

Kwetu sisi, aliyeuliza habari za moyo alikuwa daktari wa usingizi, yule anayetoa dawa za nusu kaputi, tena upasuaji wa kuondoa nyama hizo ukiwa umeshapangwa. Kabla yake hakuna aliyegusia, na jambo hilo bado linaniudhi. Alieleza kwamba kama shinikizo katika mishipa ya mapafu liko juu, dawa za nusu kaputi hutolewa kwa tahadhari nyingine kabisa. Alieleza pia kwamba binti yangu hangepewa kodeini kwa ajili ya maumivu, kwa kuwa miili ya baadhi ya watoto huigeuza haraka kuwa mofini na pumzi ikazimika. Marekani ilitoa onyo kali kuhusu matumizi hayo mwaka 2013.

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji alilazwa hospitalini, kifaa cha kupima oksijeni kikiwa kidoleni, kwa sababu uvimbe wa kidonda unaweza kuziba njia ya hewa kwa muda. Wanaolazwa hivyo hasa ni watoto wadogo na wale ambao moyo umeshaathirika. Nyama hizo huweza kuota tena, ingawa si mara nyingi, kwa hiyo mkoromo ukirudi mtoto arudishwe kliniki, na aliyekutwa na shinikizo la juu katika mishipa ya mapafu arudie ultrasaundi ya moyo hata kama sasa analala kimya.