Mhusika Kwanza, Dhamira Mwisho

Katika darasa la jioni ninalofundisha Isevya, hapa Tabora, uchambuzi wa hadithi fupi ulikuwa unakwama palepale kila mara. Swali likitaka dhamira, mwanafunzi anaandika "tamaa", anapiga mstari, anahamia swali linalofuata. Lakini tamaa ni mada tu. Dhamira inapatikana pale mwandishi anaposema jambo fulani kuhusu hiyo tamaa, na hadithi fupi huwa inalisema kwa vitendo vya wahusika. Ndiyo maana nimeupindua mpangilio: dhamira tunaiandika mwisho kabisa.

Ninaitumia sana La Parure, hadithi fupi ya Mfaransa Guy de Maupassant, ya mwaka 1884, ambayo darasani tunaiita Mkufu. Mathilde, mke wa karani, anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake, anaupoteza usiku wa dansi, na yeye na mumewe wanalipa deni kwa miaka kumi. Ni kurasa chache, kwa hiyo tunaisoma mara tatu.

Mara ya kwanza kalamu inakaa chini. Mara ya pili kila mmoja anachora safu nne kwenye kaunta buku: anachosema mhusika, anachofanya, wengine wanavyomtendea, na msimulizi anasema nini juu yake. Hiyo safu ya nne ina mtego. Hadithi inafunguka kwa kusema Mathilde alizaliwa katika familia ya makarani kana kwamba majaaliwa yamekosea. Nani anaona ni kosa? Ni Mathilde mwenyewe. Msimulizi amebeba tu mawazo yake. Asiyeligundua hilo ataandika uchungu wa mhusika kama hukumu ya mwandishi, na insha nzima itapotoka.

Kanuni yangu ni sifa moja kwa vitendo viwili. Ukisema mume ni mpole, nioneshe mahali pawili. Huyu mume wengi humwita mhusika bapa, yaani wa sifa moja asiyebadilika, na kumpita. Warudi pale panapotajwa faranga 400, pesa za Ufaransa. Mkewe anazitaja kama bei ya gauni, naye anabadilika rangi kidogo, kwa sababu kiasi hichohicho alikuwa amekiweka akiba anunue bunduki aende kuwinda na rafiki zake siku za Jumapili. Anazitoa. Baadaye anatoa urithi wa baba yake, faranga 18,000, na kukopa nusu iliyobaki ili mkufu mwingine ununuliwe kwa 36,000. Katika hadithi yenye pesa mimi huongeza safu ya tano ya kiasi, maana hapo mhusika hana pa kujificha. Vijana wa kutoka Urambo, ambao nyumbani wanalima tumbaku kwa pembejeo za mkopo, huijaza safu hiyo haraka kuliko wote.

Mara ya tatu tunasoma tukiwa tayari tunajua mwisho: mkufu ule ulikuwa bandia, thamani yake haikuzidi faranga 500. Sasa tafuteni ulipotea wapi. Mathilde anasema aliugusa wakiwa bado kwenye baraza ya wizara, wakitoka. Kwa hiyo umedondoka baada ya hapo. Na baada ya hapo alifanya nini? Mumewe alimwekea mabegani nguo zake za kila siku, akamsihi asubiri ndani asije akapata baridi, lakini Mathilde akashuka ngazi mbio ili wanawake waliojifunika manyoya wasimwone. Mwandishi hasemi kwamba mbio hizo ndizo zilizoudondosha, na mwanafunzi asiandike hivyo. Ila mbio hizo na kupotea kwa mkufu vimewekwa jirani kwa makusudi, na hapo ndipo dhamira inapochungulia.

Sasa ndipo tunaandika sentensi, yenye kiima na kiarifu. "Tamaa ni mbaya" haitoshi. Hata kama ingekuwa sahihi, ni ujumbe, yaani funzo, si dhamira. "Hofu ya kuonekana maskini inaweza kumgharimu mtu kuliko umaskini wenyewe" inafaa kupimwa. Kuipima ni kuipeleka kwa kila mhusika. Kwa Mathilde inasimama. Kwa mume inasimama pia: ndiye aliyemwambia mkewe aandike barua ya uongo kwamba kishikizo cha mkufu kimevunjika, ili wapate muda wa kutafuta. Kwa Bibi Forestier, mwenye mkufu, inalegea, kwani yeye ni tajiri na bado amevaa bandia bila kumwambia rafiki yake. Wengine huipanua sentensi imfikie. Wengine humtumia kama mhusika wa kulinganishia. Njia zote mbili nazikubali, mradi mstari wa hadithi utajwe.

Linalobaki na ubishi ni kama Mathilde ni mhusika duara, yaani wa pande nyingi anayebadilika, au bapa. Mimi namwandika duara, kwa ushahidi wa miaka kumi ya kusugua masufuria na kupandisha maji ngazini. Anayemwandika bapa akinionesha lile tabasamu lake la majivuno mbele ya Forestier, kwa furaha kwamba mkufu ule mwingine haukutambulika, nampa alama zake zote.